Mama yuko hai lakini hawezi tena kusimamia fedha zake: nani ana mamlaka?

Msomaji wa Moshi ameuliza:

"Shikamoo Wakili. Mama yangu ni mwalimu mstaafu mwenye miaka 78, ninaishi naye Pasua. Tangu mwaka juzi amekuwa akisahau sana, na sasa hospitali wamesema ni demensia. Pensheni yake inaingia benki, nami huitoa kwa kadi yake kwa kuwa namba ya siri ninaijua. Ana nyumba ya wapangaji mjini, na kihamba, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa, Kibosho. Kaka yangu aliyeko Arusha ana hati ya uwakilishi ambayo mama alimsainia mwaka 2019, na anasema inamtosha kuuza nyumba ili tupate fedha za matibabu. Mdogo wetu aliyeko Uingereza naye anasema hati kama hiyo hudumu hadi mzazi afariki. Benki wameniambia niende mahakamani. Wazee wa ukoo wanasema tukae kikao tu, tuandike muhtasari. Nianzie wapi?"

Marahaba, dada. Pole kwa kuuguza. Maradhi haya humchosha anayemhudumia mgonjwa kwa namna ambayo ndugu walioko mbali ni vigumu kuiona, na kwa jinsi ulivyoandika inaonekana mzigo mkubwa umekuangukia wewe.

Kabla ya kugusa hati, benki na mahakama, naomba nyote watatu mkubaliane juu ya jambo moja: mama yenu yuko hai, kwa hiyo nyumba, kihamba na pensheni bado ni mali yake, wala hakuna mtoto mwenye sehemu yake humo. Ugonjwa umemwondolea uwezo wa kuisimamia mali hiyo, lakini haujamwondolea umiliki. Karibu kila mgogoro wa aina hii unaofika ofisini kwetu huanza pale familia inapoanza kuihesabu mali ya mzazi kama urithi ambao umechelewa kufunguliwa.

Ndiyo maana ushauri wa wazee wa ukoo, ingawa umetolewa kwa nia njema, hauwezi kuwafikisha mnakotaka. Muhtasari wa kikao cha ukoo umezoeleka kwetu kwa sababu ndio unaopelekwa mahakamani wakati wa kumteua msimamizi wa mirathi, na mirathi huwepo pale tu mwenye mali anapokuwa amefariki. Kwa mtu aliye hai, kikao cha ukoo hakina uwezo wa kumpa yeyote mamlaka ya kutoa fedha benki, kusaini mkataba wa pango au kuuza ardhi. Hata hivyo kikao msikiache. Kiitisheni, muhtasari uandikwe vizuri na kila aliyehudhuria asaini, kwa maana hakimu au jaji atataka kujua kama ndugu wanafahamu maombi yako na kama yupo anayeyapinga. Kwa kazi hiyo ya ushahidi, muhtasari una thamani kubwa.

Wengine hudhani kwamba utaratibu ni ule ule wa ulezi wa watoto. Sivyo, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya 2009 inahusu walio chini ya miaka 18 peke yao.

Sasa tuje kwenye hati ya uwakilishi aliyonayo kaka yako, kwa sababu hapo ndipo penye hatari kubwa. Hati ya namna hiyo inamfanya kaka yako kuwa wakala wa mama, na wakala hana nguvu zake mwenyewe, anatumia nguvu za aliyemtuma. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inasema kwamba uwakala unakoma aliyemtuma wakala anapofariki au anapopoteza utimamu wa akili. Kwa hiyo, ingawa mama alisaini mwaka 2019 akiwa na akili timamu na mbele ya wakili, hati ile ilikoma kumwezesha kaka yako pale mama alipofika hali ya kutoweza tena kuelewa na kuamua mambo hayo. Sheria hiyo hiyo inamtaka wakala, baada ya aliyemtuma kufikwa na hali hiyo, achukue hatua za busara kulinda mali aliyokabidhiwa. Kulinda mali maana yake ni kama kuziba paa linalovuja au kupokea kodi na kuihifadhi. Kuuza nyumba hakumo. Mnunuzi atakayelipa kwa hati hiyo huku ripoti ya daktari ikionyesha kwamba mama alikuwa ameshapoteza uwezo, atakuwa amenunua kesi, na kaka yako ndiye atakayedaiwa fedha zile, pengine baada ya kuwa zimeshatumika. Mweleze hivyo kwa upole, kwa maana inawezekana kabisa kwamba anaamini kwa moyo mmoja kuwa anaisaidia familia.

Mdogo wenu wa Uingereza naye hajakosea kuhusu nchi anakoishi. Uingereza na Wales wana Sheria ya Uwezo wa Kiakili ya 2005, ambayo inamruhusu mtu mwenye akili timamu kumteua mapema atakayemsimamia, kwa hati maalumu inayosajiliwa serikalini na inayoendelea kuwa na nguvu hata mteuaji akipoteza uwezo. Hata huko, hati ya kawaida ya uwakilishi hufa uwezo unapopotea. Inayodumu ni ile maalumu, na Tanzania bado hatuna hati ya namna hiyo katika sheria zetu. Binafsi naona hili ni pengo kubwa, hasa katika mikoa yetu ya kaskazini ambako watu wanaishi hadi uzee mrefu na watoto wametawanyika dunia nzima. Utafiti uliofanyika wilayani Hai na kuchapishwa mwaka 2013, ukiwahusisha wazee wenye umri wa miaka 70 na zaidi, ulikadiria kwamba asilimia 6.4 kati yao walikuwa na demensia. Familia iliyo katika hali kama yenu si moja, na wala si jambo la kuonea aibu.

Kuhusu kadi ya benki, nitakueleza bila kukuficha. Unapoitoa pensheni ya mama kwa kadi yake na namba yake ya siri, unakwenda kinyume cha masharti ya benki hata kama kila shilingi inaishia kwenye dawa na chakula chake. Simaanishi kwamba wewe ni mwizi. Sheria ya Mikataba inatambua kwamba anayempatia mahitaji ya lazima mtu asiyeweza kufunga mkataba ana haki ya kurudishiwa gharama kutoka katika mali ya mtu huyo, na uji, dawa na matandiko ni mahitaji ya lazima bila ubishi. Lakini siku ndugu mmoja atakapouliza fedha zimekwenda wapi, aliyekuwa na kadi ndiye atakayetakiwa kueleza, naye atakuwa hana amri ya mahakama wala idhini ya maandishi. Benki walipokuelekeza mahakamani hawakukusumbua, walikulinda wewe na mama.

Safari inaanzia hospitali. Cheti chenye mstari mmoja kwamba "mgonjwa ana demensia" hakitoshi, kwa sababu jina la ugonjwa halielezi mtu anaweza nini na hawezi nini. Mpeleke mama kwa daktari wa magonjwa ya akili au wa mishipa ya fahamu, katika hospitali ya KCMC au ya Mawenzi hapo Moshi, ukaombe ripoti inayoeleza tangu lini hali imeanza, vipimo gani vimefanyika, kama kuna matumaini ya nafuu, na hasa kama mama anaweza kuelewa jambo la fedha analoelezwa, kulikumbuka kwa muda wa kutosha, kupima faida na hasara yake, kisha kueleza uamuzi wake. Ukitaka kuona maana ya jambo hili nyumbani kwako, keti naye asubuhi baada ya chai, umweleze kwamba mpangaji wa chumba cha uani ameomba apunguziwe kodi kwa sababu dari linavuja. Mama anaweza kulitaja jina la mpangaji bila shida na hata kukumbuka alihamia lini, lakini ukimuuliza baada ya dakika chache tulikuwa tunaamua nini, akakujibu kwamba huyo mpangaji ni mwanafunzi wake wa darasa la tano, basi kumbukumbu za zamani zipo ila uwezo wa kuamua jambo lile haupo. Akijibu, "Kwanza tengenezeni dari, kodi ibaki ile ile," hapo ameamua, na uamuzi wake uheshimiwe.

Ninasisitiza hivyo kwa sababu uwezo wa akili haupotei kwa siku moja wala kwa mambo yote kwa pamoja. Sheria ya Mikataba yenyewe inakubali kwamba mtu ambaye kwa kawaida hana utimamu wa akili anaweza kufunga mkataba katika vipindi anapokuwa timamu. Mwombe pia daktari ahakikishe kwamba hakuna ugonjwa unaotibika nyuma ya usahaulifu huo, kwa maana maambukizi ya njia ya mkojo, matatizo ya tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, sonona na baadhi ya dawa huweza kumfanya mzee aonekane amepotewa na akili. Na kwa wasomaji wengine mnaofuatilia jibu hili: uzee, kutojua kusoma, au kutoa sadaka kubwa kanisani au msikitini kuliko watoto wanavyopenda si ushahidi wa kukosa akili. Mzee ana haki ya kufanya uamuzi ambao watoto wake wanauona wa kipumbavu.

Ripoti ikishapatikana, njia ya kisheria ni Sheria ya Afya ya Akili ya 2008, ambayo pamoja na masuala ya matibabu ina masharti kuhusu ulinzi na usimamizi wa mali za watu wenye maradhi ya akili. Ndugu wa mgonjwa huiomba mahakama ichunguze hali yake, na mahakama ikiridhika humteua msimamizi wa mali, na pale inapohitajika mlezi wa kumtunza mwenyewe. Maombi kama haya yamekuwa yakisikilizwa na Mahakama Kuu, ambayo ina masjala Moshi na Arusha. Kwa kuwa mama anaishi Moshi na mali yake iko Kilimanjaro, hamna haja ya kwenda Arusha kwa sababu tu kaka yuko huko. Mtapeleka maombi yanayoungwa mkono na hati ya kiapo chako, ukiambatisha ripoti ya daktari, uthibitisho wa uhusiano wenu, nakala ya hati ya nyumba, barua ya serikali ya mtaa, taarifa ya akaunti kama benki watakubali kuitoa, na muhtasari wa kikao cha ukoo. Kila ndugu aape kiapo kinachosema kama anakubali au anapinga, na aliyeko Uingereza anaweza kuapa huko huko mbele ya afisa mwenye mamlaka ya kupokea viapo, kisha akautuma. Baada ya marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, hivyo mtafuatilia shauri lenu wenyewe bila kutegemea kutafsiriwa. Kama gharama za wakili ni nzito, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatambua mashirika na wasaidizi wa kisheria wanaotoa msaada bila malipo. Hapo Moshi, shirika la KWIECO lina uzoefu wa miaka mingi wa kuwasaidia wanawake na familia.

Zingatia sana unachokiomba. Waombaji wengi huandika kwa ufupi kwamba wanaomba "kusimamia mali zote za mama," na mahakama ikikubali wanajikuta na amri ambayo benki hawaielewi na ndugu wanaiogopa. Mimi napendelea amri inayotaja vitu kwa majina: akaunti fulani ya benki yenye pensheni, kiwango cha kutoa kila mwezi kwa ajili ya matunzo, ruhusa ya kupokea kodi za wapangaji na kusaini mikataba yao ya muda mfupi, kulipa kodi ya pango la ardhi, na kupokea malipo ya kahawa ya kihamba kutoka chama cha msingi cha ushirika. Yale ambayo hamtaki yafanywe na mtu mmoja, yaani kuuza, kuweka rehani na kutoa zawadi, amri iseme wazi kwamba hayafanyiki bila kurudi mahakamani kuomba kibali. Unaweza pia kuomba kwamba wewe na kaka yako muwe wasimamizi wawili, wewe ukiwa mtendaji wa kila siku na fedha zinazozidi kiasi mtakachokubaliana zikihitaji saini zenu wote. Jambo hilo litakuchelewesha mara moja moja, lakini litampa kaka nafasi ya heshima, nalo litapunguza minong'ono.

Omba pia mahakama iamue kuhusu posho yako. Katika familia zetu binti anayeuguza hutazamiwa kufanya hivyo bure, aache biashara yake, alale nusu usiku, kisha mwisho wa mwezi aulizwe risiti. Siioni haki katika hilo. Posho ya kiasi iliyotajwa kwenye amri ni halali na ya wazi, ilhali fedha ile ile ikichukuliwa kimya kimya inakuwa tuhuma.

Ukishateuliwa, utatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na hesabu ya mapato na matumizi, kwa hiyo anza leo kuandika hata kabla ya amri. Nunua daftari gumu, upande mmoja yaliyoingia, upande wa pili yaliyotoka, kila mstari na tarehe yake. Andika hivi: tarehe 2 pensheni imeingia, tarehe 3 pampasi za watu wazima pakiti mbili, risiti ya duka la dawa imebandikwa, tarehe 5 umeme wa Luku, tarehe 6 mshahara wa binti anayelala na mama, tarehe 9 kodi ya chumba cha uani, mpangaji ametuma kwa simu, ujumbe umehifadhiwa. Vitu visivyo na risiti, kama ndizi za sokoni na nauli ya bajaji, viandike vilevile siku hiyo hiyo, kwa kuwa hakuna anayekumbuka nauli ya miezi mitatu iliyopita. Fedha za mama zisikae kwenye laini yako ya simu pamoja na za biashara yako, hata kwa usiku mmoja. Kila mwisho wa mwezi piga picha kurasa mbili za daftari, uzitume kwenye kundi la familia bila kusubiri kuulizwa.

Kuhusu kuuza nyumba, nakushauri mkabidhi uamuzi huo mahakama, lakini kabla ya hapo mjiulize kama unahitajika. Nyumba inayoingiza kodi kila mwezi inaweza kumtunza mama kwa miaka mingi, na ugonjwa huu huchukua miaka. Fedha ya mauzo ikigawanyika mikononi mwa watoto huisha kabla ya mgonjwa. Ikiwa baada ya hesabu mtaona hakuna njia nyingine, ombeni kibali maalumu, mkionyesha tathmini ya mthamini, gharama za matibabu, na akaunti ya jina la mama ambamo fedha zitawekwa. Kama kaka tayari amepata mnunuzi, usisubiri: mwambie wakili wako aombe amri ya zuio la muda pamoja na maombi makuu, na nakala ipelekwe kwa Msajili wa Hati. Usitegemee kuweka pingamizi kwa jina lako kama mtoto, kwa kuwa anayeweka pingamizi anatakiwa awe na maslahi katika ardhi yenyewe, na wewe, kama nilivyokwisha kusema, bado huna.

Kihamba cha Kibosho kina ugumu wake. Wazee wanaweza kusema kwamba kwa mila ni cha mtoto wa mwisho wa kiume, au kwamba ni cha ukoo na mama alikuwa akikitunza tu baada ya baba yenu kufariki. Madai hayo yana mahali pake, lakini mahali hapo si katika maombi haya. Andika tu katika orodha kwamba mama ndiye anayekitumia, migomba na kahawa iko kiasi gani, na nani anailima sasa. Msimamizi analinda matumizi hayo yasikatike wala mipaka isisogezwe. Swali la nani atakirithi halifunguliwi mama akiwa hai.

Pensheni nayo inahitaji uangalifu wako. Kama mama analipwa na PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma ulioanzishwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko ya awali, mstaafu hutakiwa kuhakikiwa ili ithibitike kwamba yu hai. Usijaribu kumhakiki kwa ujanja wala kuficha hali yake. Nenda ofisi ya mfuko na ripoti ya daktari, uwaeleze kwamba hawezi kusafiri au kujieleza, uulize utaratibu wa mstaafu mgonjwa, na amri ya mahakama ikitoka uwapelekee nakala pamoja na benki.

Katika yote haya, mama asiwe mzigo unaojadiliwa akiwa ameketi pembeni. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 12 inazitaka nchi kumsaidia mtu atumie haki zake za kisheria na kuheshimu utashi wake, pamoja na haki ya kumiliki mali na kusimamia fedha zake. Kwa mama yako hilo linaweza kumaanisha jambo dogo kama kumwachia noti chache kwenye pochi yake ili Jumapili atoe sadaka kwa mkono wake mwenyewe. Akizipoteza, hasara ni ndogo. Ukimnyang'anya pochi, umemwondolea heshima ambayo hakuna amri ya mahakama iliyokuagiza uiondoe.

Jambo la mwisho, dada, huwa halipendezi kulisema mapema, lakini wengi hukwama hapo. Mamlaka ya msimamizi yanakoma mama anapofariki, siku hiyo hiyo. Kadi haitumiki tena, hata kwa jeneza na chakula cha waombolezaji, na pensheni itakayoingia baada ya hapo haitolewi. Benki na mfuko wapewe taarifa, gharama za mazishi zitoke kwenye michango na zitunziwe risiti ili zidaiwe katika mirathi. Wewe utafunga daftari, utawasilisha hesabu ya mwisho mahakamani, kisha utamkabidhi mali na nyaraka zote msimamizi wa mirathi atakayeteuliwa, hata kama ni wewe mwenyewe, kwa amri nyingine na kwa daftari jipya.